Kugawanyika kwa Kiini na Kugawanyika kwa Chembe: Somo la Malaria



Katika semina zetu za afya huko Nyakato, wazazi huuliza: homa ikishashuka, kwa nini mtoto aendelee kumeza vidonge? Jibu limo katika namna chembe hai zinavyogawanyika.

Kugawanyika kwa chembe ni kazi mbili. Kwanza hugawanyika kiini, chenye kromosomu zinazobeba urithi. Chembe ya mwili wa binadamu hunakili kromosomu zake 46, kisha hutengwa, 46 upande huu na 46 upande ule. Ndipo hugawanyika sitoplazimu, yaani ute unaozunguka kiini: chembe hubanwa katikati kama gunia lililofungwa kamba kiunoni, mpaka zipatikane mbili. (Chembe za mhogo au mgomba hazibanwi, hujenga ukuta katikati.) Kwa kuwa kazi hizi hufuatana kwa karibu, wengi hudhani ni moja.

Kimelea cha Plasmodium falciparum, kinacholeta sehemu kubwa ya malaria ya kwetu, huzitenganisha. Kikiwa ndani ya chembe nyekundu ya damu, kiini chake hugawanyika tena na tena huku sitoplazimu ikibaki moja. Mwishoni kabisa sitoplazimu nayo hukatwa kwa mkupuo, na kila kiini hupata fungu lake. Hutoka vimelea vipya 16 hadi 32 hivi. Chembe nyekundu hupasuka, homa hupanda, navyo huvamia chembe nyingine. Mzunguko huo huchukua saa 48 hivi.

Kibaya zaidi, chembe nyekundu yenye kimelea cha viini vingi hujibandika kwenye kuta za mishipa midogo ya damu, hata ya ubongo. Mtoto anaweza kuwa mahututi huku damu ya kidoleni ikionyesha vimelea vichache tu kwenye darubini.

Dawa mseto ya ALu, iliyochaguliwa nchini mwaka 2006 kuchukua nafasi ya SP, humezwa kwa siku 3, muda unaopita mzunguko mmoja. Artemetha huua vimelea vingi upesi lakini huisha mwilini ndani ya saa chache; lumefantrini hukaa siku kadhaa ikimalizia vilivyosalia. Vidonge vikiwekwa akiba kwa ajili ya mdogo wake, vimelea vilivyosalia huanza kugawanya viini upya.

Wanakamati mnaotembelea kaya, siku ya nne ombeni kuona pakiti. Ikiwa bado ina vidonge, au homa imerudi, mtoto apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo.