Shawa ya Mikisa: Unapokarabati Bafu, Kumbuka Ngozi ya Mtoto na Mzee

Somo letu la afya leo linaingia bafuni. Wengi wetu hapa Uingereza tunakarabati bafu: tunabandua vigae vya zamani, tunaweka vipya, na tunafunga shawa ya mikisa, yaani ile inayochanganya maji ya moto na ya baridi kabla hayajatoka. Utauliza, kazi ya fundi bomba inahusiana nini na afya? Inahusiana sana.

Nyumbani wengi tulikoga kwa ndoo na kata. Maji ya moto yalimiminwa, yakaongezwa ya baridi, na mama akatia mkono kwanza kabla ya kummwagia mtoto. Mkono ule ndio uliokuwa kinga. Kwenye shawa, kazi ya mkono ule inafanywa na mikisa. Ukichagua mbaya, nyumba haina kinga.

HATARI IKO WAPI?

Nyumba nyingi zina tangi la maji ya moto, na maji hayo huwekwa kwenye nyuzi 60 za Selsiasi. Maji ya moto kiasi hicho yanaweza kuunguza vibaya ngozi ya mtu mzima kwa sekunde tano hivi. Mtoto mdogo na mzee ngozi yao ni nyembamba, huungua upesi zaidi. Mwenye kisukari ambaye miguu imekufa ganzi anaweza kuungua bila kuhisi. Fikiria bibi aliyekuja kutembea kutoka Tanga, hajazoea mabomba ya huku, amefungua maji na hajui azungushe upande gani.

Wengine husema, "Basi nitapunguza moto wa tangi." Usifanye hivyo! Kati ya nyuzi 20 na 45 huzaliana bakteria waitwao Lejionela. Mtu huwavuta kwa pumzi katika matone madogo ya shawa, nao huleta homa kali ya mapafu. Kwa hiyo tangi libaki na moto wake, na maji yapozwe pale pale yanapotokea.

CHAGUA MIKISA YENYE THEMOSTATI

Mikisa ya kawaida huchanganya tu kadiri ulivyofungua. Mtu akivuta maji ya choo au akifungua bomba jikoni wakati unaoga, maji ya baridi hupungua na ghafla unamwagikiwa na ya moto. Mikisa yenye themostati huhisi joto na kujirekebisha yenyewe. Maji ya baridi yakikatika, inafunga ya moto. Nyingi zina kitufe kinachozuia joto lisipite nyuzi 38 mpaka ukibonyeze kwa makusudi. Ukiacha kitu kingine chochote kwenye bajeti yako, hiki usikiache.

HATUA ZA KAZI

1. Kama umepanga, omba ruhusa ya mwenye nyumba kwanza. Nyumba iliyojengwa kabla ya mwaka 2000 inaweza kuwa na asbesto kwenye dari, kuta au sakafu. Usitoboe wala kusugua kabla haijakaguliwa.

2. Jua mfumo wako. Kama maji ya moto yanashuka kwa uzito wake kutoka tangi la juu, ya baridi nayo yatoke juu, si kwenye bomba kuu la mtaani. Presha zikitofautiana sana, mikisa haichanganyi vizuri. Kama una boila inayochemsha maji papo hapo, nunua mikisa inayofaa presha kubwa. Boila ya gesi yenyewe usiiguse. Hiyo ni kazi ya fundi aliyeandikishwa Gas Safe.

3. Funga koki kuu, mara nyingi iko chini ya sinki la jikoni, kisha mwaga maji yaliyobaki.

4. Bomba la moto liwe kushoto, la baridi kulia, ukitazama ukuta. Kwa mikisa nyingi za kulala ukutani, umbali kati yake ni milimita 150. Ukigeuza mabomba, themostati haitafanya kazi.

5. Weka vali ndogo ya kufungia kwenye kila bomba, mahali unapoweza kufikia.

6. Kabla ya kufunga mikisa, pitisha maji kwenye mabomba ili uchafu utoke. Mchanga kidogo tu unaweza kukwamisha themostati.

7. Fungua maji ukague mivujo kabla ya kubandika vigae. Unyevu uliojificha ukutani huleta ukungu, na ukungu ni adui wa mwenye pumu.

JARIBU KABLA MTU HAJAOGA

Fungua shawa, pima kwa kipimajoto. Nyuzi 41 zisipitwe. Kisha, maji yakiwa yanatoka, funga vali ya baridi. Usiweke mkono chini yake. Maji ya moto yakatike ndani ya sekunde chache. Yakiendelea kutoka, shawa hiyo isitumike mpaka fundi aitazame.

Baadaye, safisha kichwa cha shawa kila miezi mitatu. Mkirudi kutoka likizo, acha maji yatiririke dakika chache kabla ya kuoga, huku mmetoka nje ya bafu.

MTU AKIUNGUA

Mtoe kwenye maji ya moto, mvue nguo na vito, ila kilichogandana na ngozi kiache. Mwagia sehemu iliyoungua maji ya bomba ya baridi au vuguvugu kwa dakika 20, na mwili uliobaki ufunikwe asipate baridi. Kisha tandaza juu yake nailoni safi ya kufungia chakula. Dawa ya meno, siagi, mafuta, yai, barafu: vyote hivyo hapana, hata kama ndivyo tulivyofundishwa. Akiwa mtoto, au jeraha likiwa kubwa kuliko kiganja chake, mpeleke hospitali au piga 999.

Vigae vizuri wageni watavisifu. Themostati hakuna atakayeiona, lakini ndiyo itakayomlinda bibi na mjukuu. Kinga ni bora kuliko tiba. Tukutane tena katika somo lijalo.