Shahada ya Mazingira: Mwanafunzi wa Asumbi Atapata Nini?

Mtoto anayemaliza kidato cha nne Asumbi akisema anataka kusomea mazingira chuo kikuu, swali la kwanza nyumbani huwa, "Na kazi je?" Ni swali la haki, maana karo mara nyingi ni ng'ombe aliyeuzwa. Tulijibu kwa kutazama mambo ambayo shahada hiyo humfundisha mtu kufanya.

Kupima. Homa Bay kila mtu huona gugumaji linavyoziba ziwa. Mwanafunzi wa mazingira hufundishwa kuchota sampuli ya maji, kupima naitrojeni na fosforasi zinazolisha gugu hilo, kisha kuufuata mto hadi kwenye mashamba na mitaro ya maji taka zilikotoka. Hujifunza pia kuchora ramani kwa picha za setilaiti.

Kuijua sheria. Kifungu cha 42 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Sheria ya mazingira ya 1999 nayo inadai miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari kabla ya kuanza. Mhitimu anayetimiza masharti na kusajiliwa na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, anaweza kulipwa kufanya tathmini hizo.

Kusikilizana na watu. Huko Macalder, Migori, wachimbaji wadogo wa dhahabu hutumia zebaki, na wanapoichoma, mvuke wake hudhuru ubongo na neva. Kuwakataza tu hakusaidii, kwa kuwa mgodi ndio unaowalisha. Anayejua kemia, afya na uchumi wa nyumbani ataweza kukaa nao na kuwaonyesha chombo cha kunasa mvuke huo, au njia isiyotumia zebaki kabisa.

Kazi zenyewe ziko wapi? Kaunti zina jukumu la taka, misitu na uhifadhi wa udongo na maji. Kuna NEMA, viwanda, miradi ya maji na mashirika ya kijamii. Kuna pia uhifadhi wa wanyama, kama katika Mbuga ya Ruma, makao ya mwisho ya korongo, swala mkubwa, nchini Kenya. Hata hivyo nafasi za serikali ni chache, kwa hiyo ujuzi wa ramani, takwimu au tathmini ndio utakaomtofautisha mhitimu.

Kabla ya kuchagua kozi kupitia KUCCPS, shirika linalowapangia wanafunzi nafasi vyuoni:
- Hakikisha una wastani wa C+ au zaidi katika mtihani wa kidato cha nne, pamoja na alama za masomo ambayo kozi inayataka.
- Soma orodha ya masomo. Kozi moja huegemea maabara, nyingine sera na mipango.
- Uliza kama wanafunzi hutoka kwenda nyanjani, na kama hupata mafunzo kazini.

Usingoje barua ya chuo ndipo uanze. Weka kopo la kupimia mvua uani, na kila mwezi pima kina cha maji kisimani kwenu. Andika yote daftarini. Ukifika darasani na rekodi ya mwaka mzima ya Asumbi, utakuwa na swali lako mwenyewe la utafiti, na wazazi watakuwa wameshaona kazi yenyewe ilivyo.