Je, Matumbawe ya Tangini Yahitaji Mionzi ya Urujuanimno?

Matumbawe ni wanyama, na aina nyingi hulishwa na mwani mdogo sana uishio ndani ya miili yao. Mwani huo hutengeneza sukari kwa mwanga wenye mawimbi ya nanometa 400 hadi 700, hasa wa buluu. Urujuanimno u chini ya 400, nao hauhitajiwi, bali huunguza. Matumbawe ya maji mafupi hujitengenezea kemikali za kuufyonza, mithili ya mwavuli. Tumbawe lililozoea taa za diodi zisizotoa mionzi hiyo huwa na kinga haba. Likihamishiwa ghafla chini ya taa ya halidi ya metali iliyoondolewa kioo cha kinga, laweza kufa. Na ule mng'ao wa kijani unaosifiwa mno? Mwanga wa buluu watosha kuuamsha.