ADAMU NA MVULANA WA TURKANA: JE, WAWEZA KUPATANA?

Hakuna neno liwezalo kuwasha moto darasani kama neno "mageuko". Likitajwa tu, utasikia sauti kutoka viti vya nyuma: "Ati babu yangu alikuwa nyani? Labda wako!" Basi kipindi kimekwisha. Huo ni mzaha, lakini chini yake kuna jambo zito. Namjua mwanafunzi aliyeapa kwamba swali la mageuko likija katika mtihani ataliacha tupu, kwa sababu aliambiwa na mhubiri kuwa kulijibu ni kumkana Mungu. Namjua mwingine ambaye, baada ya kusoma habari za mafuvu ya kale, aliacha kabisa kuja katika mikutano ya Chama cha Wakristo, akidai Biblia ni hadithi za Abunuwasi. Mmoja atapoteza alama, mwingine amepoteza imani, na wote wawili wameamini jambo lile lile: kwamba lazima uchague. Je, ni lazima kweli?

Tuanze na ushahidi ulio hapa kwetu nchini. Mnamo mwaka wa 1984, Bw. Kamoya Kimeu, mzaliwa wa Ukambani, alikuwa akitembea pale Nariokotome, magharibi ya Ziwa Turkana, alipoona kipande kidogo cha fuvu katikati ya kokoto. Jameni, mtu huyo alikuwa na macho! Kikundi alichofanya nacho kazi, kilichoongozwa na Richard Leakey na Alan Walker, kilichimba na kuchekecha mchanga hadi kikapata mifupa ya karibu mwili mzima wa mvulana aliyekufa yapata miaka milioni moja na nusu iliyopita. Alitembea wima kama wewe na mimi, na miguu yake ilikuwa mirefu. Lakini ubongo wake ulikuwa wa sentimita za ujazo 880 hivi, ilhali wetu hufika kama 1,350. Si nyani yule, wala si mtu kamili kama sisi. Wataalamu humwita Homo erectus.

Mwaka wa 2006, Jumba la Makumbusho la Nairobi lilipokuwa likikarabatiwa, baadhi ya viongozi wa makanisa ya kiinjili wakiongozwa na Askofu Boniface Adoyo walipinga mpango wa kuionyesha mifupa kama hiyo kuwa ushahidi wa chanzo cha binadamu. Leakey naye akaja juu. Jumba lilifunguliwa tena mwaka wa 2008, na mifupa ikaonyeshwa. Ubishi, hata hivyo, haukufungwa.

Kuna neno moja linalotuponza, nalo ni "nadharia". Watu husema, "Aa, hiyo ni nadharia tu," kana kwamba ni uvumi wa kwenye matatu. Sisi wa Chama cha Kiswahili tunajua kuwa neno hili asili yake ni Kiarabu, na shina lake linahusu kutazama. Katika sayansi, nadharia ni maelezo yanayoshikanisha mambo mengi yaliyotazamwa na kupimwa. Na mageuko hayakuishia zamani. Kenya iliacha kutumia klorokwini kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka wa 1998. Kwa nini? Vijidudu vichache vilivyoweza kuistahimili dawa vilibaki hai, vikazaana, vikajaa. Huo ndio uteuzi wa kiasili alioueleza Charles Darwin mwaka wa 1859. Tena hakuna mwanasayansi asemaye kuwa nyani wa leo walituzaa. Wewe na binamu yako mna babu mmoja, lakini binamu hakukuzaa!

Sasa tugeukie Maandiko, maana hapa ndipo penye utamu. Katika C.R.E. ya kidato cha kwanza tulifundishwa kwamba Kitabu cha Mwanzo kina masimulizi mawili ya uumbaji, tukakariri tofauti zake ili tupate alama. Katika sura ya kwanza wanyama waliumbwa kabla ya binadamu. Katika sura ya pili mwanamume anaumbwa kwanza, ndipo wanyama wanaletwa kwake awape majina, kisha mwanamke anatwaliwa kutoka ubavuni mwake. Tena katika sura ya kwanza nuru inatokea siku ya kwanza, lakini jua linawekwa siku ya nne. Basi siku tatu za kwanza zilikuwa na asubuhi na jioni za jua gani? Walioyaweka masimulizi hayo pamoja hawakuwa wajinga. Waliziona tofauti hizo na wakaziacha. Kwangu mimi hiyo ni dalili kwamba hawakuwa wakiandika ratiba kama ile ya mwalimu wa zamu. Walikuwa wakitueleza ni nani aliyeumba, na kwamba alichoumba ni chema.

Fikra hii haikuletwa na Darwin. Mtakatifu Agostino, Mwafrika wa nchi ambayo leo ni Aljeria, aliyefariki mwaka wa 430, aliandika kuwa siku zile si lazima ziwe kama siku zetu. Alionya hata kwamba Mkristo akibwabwaja juu ya mambo ya maumbile asiyoyajua, huwafanya watu wayacheke Maandiko. Papa Pius wa Kumi na Mbili aliruhusu mwaka wa 1950 mageuko ya mwili yachunguzwe, mradi roho ya mtu ihesabiwe kuwa imeumbwa na Mungu mwenyewe. Mwaka wa 1996 Papa Yohane Paulo wa Pili alisema kuwa mageuko ni zaidi ya dhana tu. Wenzetu Waislamu nao husoma katika Kurani habari za siku sita, na humo humo siku ya Mola inalinganishwa na miaka elfu kwa hesabu yetu, na pengine elfu hamsini. Kwa hiyo umri wa dunia hauwasumbui wengi wao.

Wapenda sayansi nao wasivimbe vichwa. Mwaka huu wa kidato cha tatu tunasoma uzazi: yai, mbegu, kondo la nyuma. Zaburi nayo yasema Mungu ndiye amfanyaye mtoto tumboni mwa mama. Hakuna anayemwambia nyanya yake kuwa amefeli bayolojia anaposema mtoto ni zawadi ya Mungu, wala daktari wa uzazi hafukuzwi kanisani. Mbona basi tukubali mambo mawili kuhusu mtoto mmoja, halafu tukatae kuhusu binadamu wote? Mfupa wa Nariokotome unaeleza urefu na umri. Kama kuna Mungu au hakuna, mfupa haujui.

Hata hivyo sitawadanganya kuwa kila kitu kinaingiana kama ufunguo na kufuli. Tatizo kubwa si siku sita, bali ni Adamu. Wataalamu wa jenetiki wanasema tulitokana na kundi la maelfu ya watu, si wawili peke yao. Lakini mtume Paulo anasema dhambi na mauti viliingia kwa mtu mmoja, na Waislamu wengi wanashikilia kuwa Nabii Adamu aliumbwa kwa udongo bila wazazi. Wengine hujibu kuwa Adamu ni jina la binadamu wote, maana kwa Kiebrania neno hilo lina maana ya mtu. Wengine husema alikuwa mtu halisi aliyechaguliwa kutoka katika kundi. Jibu la kwanza linanivutia, lakini likishika, yale maneno ya Paulo yatahitaji kusomwa upya, na hiyo si kazi ndogo.

Nilimpelekea mwalimu wetu wa C.R.E. swali hili, akacheka, akanituma kwa mwalimu wa bayolojia, naye akanirudisha kule kule! Basi ninalileta kwenu, wanachama. Yeyote aliye na jawabu la Adamu, awe mwalimu au mwanafunzi, alitayarishe kwa ajili ya mjadala wetu wa muhula ujao.