Gari Limelala Uani Uingereza na Bado Umepigwa Faini? Ipinge Hivi

Somo la leo ni la wateja wetu walio Uingereza, na la nyinyi mlio huku nyumbani ambao hupigiwa simu usiku: "Hebu nitumie kitu kidogo, nimepata faini ya gari."

Hali yenyewe huwa hivi. Uko Leeds au Reading, una kazi, una gari. Mzazi anaugua, unakuja nyumbani kwa miezi minne. Gari unaliacha uani na betri umeitoa. Ukiwa huku, ushuru wake wa mwaka unaisha. Unarudi na kukuta bahasha kutoka Swansea, yaliko makao ya DVLA, mamlaka ya magari na leseni ya huko: lipa pauni 80. Unabaki kujiuliza, ushuru wa barabara wa nini kwa gari ambalo halijagusa barabara?

Kwa Mkenya swali hilo lina mantiki kabisa. Gari la kibinafsi hapa kwetu halilipi ushuru wa barabara wa kila mwaka. Unalipa kwenye petroli kupitia tozo ya matengenezo ya barabara, kwa hivyo gari lililolala halilipi kitu. Pendekezo la kutoza magari asilimia 2.5 ya thamani yake kila mwaka liliingia kwenye Mswada wa Fedha wa 2024, na mnajua wenyewe mswada huo uliishia wapi. Uingereza mambo ni tofauti, na ukipigana na barua ile kwa mawazo ya hapa utashindwa mapema.

Kule unaadhibiwa kwa kunyamaza. Kila gari lililosajiliwa lazima liwe katika mojawapo ya hali mbili kwenye kompyuta ya DVLA: limelipiwa ushuru, au limetangazwa rasmi kwamba haliko barabarani. Tangazo hilo linaitwa SORN. Lilianza mwaka 1998, na halilipishwi hata senti. Kompyuta ikikuta gari halina ushuru na halina SORN, inatoa barua bila mtu yeyote kuja kuchungulia uani kwako. Linganisha na ritani za KRA. Hata kama hukupata mapato mwaka mzima, usipowasilisha ritani ya sufuri kufikia Juni 30 unapigwa faini ya shilingi 2,000. Hakuna anayesema ulificha pesa. Hukusema kitu, basi.

Ndiyo maana hoja ya "gari lilikuwa uani, nina picha" haifui dafu. DVLA hawabishi kwamba lilikuwa uani. Picha ya gari limefunikwa turubai inajibu swali ambalo hawajauliza. Swali lao ni hili: siku ile ushuru ulipoisha, rekodi ilipaswa kusoma nini, na wewe ulifanya nini ili isome hivyo? Kila kitu utakachoandika kielekee hapo.

Kwanza soma ni barua gani

Barua hizi hufanana, na watu huzichanganya. Ile tunayoizungumzia hapa ni ya kuchelewa kulipia gari. Ni pauni 80, na ukilipa ndani ya siku 33 inashuka hadi 40, yaani kama shilingi 7,000 hivi kutegemea bei ya siku. Kuna nyingine ya gari lililoonekana barabarani bila ushuru, ambayo hudai pauni 30 pamoja na mara moja na nusu ya ushuru uliobaki. Kama gari lilikuwa na SORN na bado likapatikana barabarani, hesabu inakuwa pauni 30 na mara mbili ya ushuru, na mambo yakifika kortini faini inaweza kufika pauni 2,500.

Hapa wengi huteleza kwa neno "barabarani". Mbele ya nyumba yako, kando ya lami, ni barabarani hata kama gari halijasogea mwaka mzima. SORN inataka gari liwe kwenye uwanja wako, gereji au ardhi ya mtu binafsi. Gari lako likiwa kando ya lami, SORN si jibu. Lilipie ushuru, la sivyo siku moja utakuta gurudumu limefungwa chuma.

Hoja zenye uzito

Ulitoa SORN na wao hawana habari. Hii ndiyo yenye nguvu zaidi kama una uthibitisho. Ukifanya kwa intaneti unapata barua pepe. Itafute kwenye kikasha chako, hata kwenye takataka. Angalia pia ulitumia nambari gani. Ile ya tarakimu 11 kutoka kwa logbuku ya Uingereza inaanza kufanya kazi papo hapo. Ile ya tarakimu 16, kutoka kwa barua ya ukumbusho, inaanza siku ya kwanza ya mwezi unaofuata. Kama ulituma fomu kwa posta, posta ya kule hutoa cheti cha kuthibitisha umetuma, bure, ila lazima ukiombe ukiwa kaunta. Bila cheti hicho, neno lako linapimwa dhidi ya kompyuta yao.

Ulitoa SORN miaka iliyopita na hujawahi kuifuta. Tangu Desemba 2013 SORN haifanywi upya kila mwaka. Inakaa mpaka gari lilipiwe ushuru, liuzwe, lisafirishwe nje kabisa au livunjwe kuwa chuma chakavu. Lakini kama ulinunua gari likiwa tayari na SORN ya aliyekuuzia, haikuhusu. Ya kwake ilikufa siku ya mauzo, na wewe ulipaswa kutoa yako. Ushuru nao hauhami na gari.

Uliuza gari kabla ya tarehe iliyo kwenye barua. Hapa ndipo simu yako inaweza kukusaidia. Tuseme ulimuuzia Mkenya mwenzako, naye akamtumia mama yako pesa hapa nyumbani kwa simu. Ujumbe ule wa uthibitisho una kiasi, tarehe, saa na nambari ya muamala. Kama mama ameufuta, msaidie aombe taarifa ya akaunti ya miezi ile kupitia app au kwa huduma kwa wateja. Muamala hautoweki kwa sababu ujumbe umefutwa. Ambatisha taarifa hiyo pamoja na jina na anwani ya aliyenunua. Ila tuwe wakweli: inathibitisha kwamba uliuza, haithibitishi kwamba uliwaambia DVLA. Ukiuza gari ni wajibu wako kuwaarifu, na usipopata barua yao ya kukiri ndani ya wiki nne unatakiwa uwatafute. Ukiwa na barua hiyo ya kukiri, mchezo umeisha. Ukiwa na ushahidi wa mauzo peke yake, una ombi la kuhurumiwa, ingawa ni ombi zuri.

Ushuru ulikuwa unakatwa benki kila mwezi, kisha ukakatika. Angalia nani alikosea. Kama benki ilikosea, omba barua kutoka kwao inayosema hivyo na siku ilipotokea. Kama ulifunga akaunti kabla ya kusafiri, hapo pole, hoja haipo.

Kulazwa hospitalini, kifo cha mwenye gari, gari kuibiwa: haya yaeleze, na uweke karatasi ya daktari, cheti cha kifo au nambari ya ripoti ya polisi. "Sikupata barua ya ukumbusho" usiitegemee. Barua huenda kwenye anwani iliyo kwenye logbuku, na kuibadilisha unapohama ni kazi yako. Tena usiitaje ovyo, kwa sababu kutobadilisha anwani kuna faini yake.

Kuandika

Barua yako iwe fupi, ukurasa mmoja. Juu weka nambari ya kumbukumbu iliyo kwenye faini na nambari ya gari. Sentensi ya kwanza iseme unapinga na kwa sababu gani moja. Kisha tarehe kwa mpangilio: ushuru uliisha lini, wewe ulifanya nini, lini. Taja kila kiambatisho. Tuma nakala, ubaki na zile za asili. Maelezo ya shida za nyumbani, kodi na karo ya watoto yaache. Anayesoma hana kisanduku cha kuyaweka. Ni Kiingereza, bila shaka, au Kiwelisi kama unakijua, maana huko Swansea nacho wanakipokea.

Usidhani kuandika kumesimamisha zile siku 33. Omba kwa maandishi kwamba wakikukatalia bado ukubaliwe kulipa 40, na uandike wiki ya kwanza, si siku ya 31. Na kama ukipima unaona huna ushahidi wowote, maoni yetu ni ulipe hizo 40 na uendelee na maisha. Kulipa faini hakulipii gari, lakini. Siku hiyohiyo lilipie ushuru au utoe SORN, usije ukapata bahasha nyingine.

Kibaya zaidi ni kuipuuza. Deni linaweza kupelekwa kwa wakusanya madeni, kisha korti ya madai. Ukiwa Uingereza yenyewe au Wales, karatasi za korti zikikufikia una siku 14 za kujibu, na hapo bado unaweza kujitetea kwa ushahidi uleule. Ukiwa Kisii na karatasi zimedondoka kwenye nyumba uliyohama, hukumu inatolewa bila wewe, na usipoilipa ndani ya mwezi mmoja inakaa kwenye rekodi yako ya mikopo miaka 6. Mwenye nyumba wa kukupangisha ataiona. Kuomba hukumu ifutwe kuna ada, na ada hiyo ni kubwa kuliko faini yenyewe. Kwa hiyo ukisafiri, mwachie mtu mmoja kazi ya kufungua barua zako na kukupigia picha.

Pesa zenyewe

Faini hulipwa kwenye tovuti ya serikali, gov.uk, au kwa njia zilizoandikwa kwenye barua. DVLA hawatumi ujumbe wa simu wenye linki ya kulipa, na hawana wakala Nairobi. Ukipata meseji ati "gari lako halina ushuru, bonyeza hapa", usibonyeze. Ukiwa Uingereza ipeleke kwa 7726. Na wewe uliye hapa nyumbani, ndugu akiomba umtumie pesa za faini kwa nambari usiyoijua, mpigie kwa laini yake ya kawaida kwanza. Akikutumia picha ya barua, ingia gov.uk uweke nambari ya gari: hali ya ushuru na SORN inaonekana bure, kwa mtu yeyote, hata ukiwa Kisii.

Kwa anayefunga begi sasa: chukua logbuku, hizo tarakimu 11, toa SORN kabla ya kwenda uwanja wa ndege. Miezi kamili ya ushuru iliyobaki utarudishiwa. Hifadhi barua pepe ya uthibitisho mahali ambapo hata mtoto wa dada yako anaweza kuipata.