Mji wa Kuta: Habari za Kisabengo na Simbamwene

Hivi karibuni tulikuwa Chanzuru, karibu na Kilosa, na shughuli zetu zilipokwisha tukaketi kivulini pamoja na wazee wachache na vijana wa shule. Kijana mmoja alikuwa amesoma kitabuni habari za miji ya zamani ya Italia, miji iliyozungushiwa kuta nene na kutawaliwa na ukoo mmoja, baba akimwachia mwana. Akatuuliza: "Padre, na huku kwetu ulikuwapo mji wa namna hiyo, au babu zetu walikaa vibandani tu?" Wazee walicheka, lakini hakuna aliyemjibu. Nasi tuliona haya kidogo, maana jibu liko ng'ambo ya pili ya mbuga ya Mkata, wala si mbali. Basi twaliandika hapa, tukijua kwamba wenye swali kama lake ni wengi.

Mji ulikuwapo. Uliitwa Simbamwene, nao ulisimama chini ya milima ya Uluguru, katika bonde la mto Ngerengere, katika nchi ya Morogoro ya leo.

Mwenye kuujenga

Aliyeujenga alikuwa Kisabengo, mtu wa kabila la Wazigua. Hakuzaliwa katika nyumba ya kitawala. Yasemekana alikuwa mtu wa hali ya chini, lakini mwenye mwili wa nguvu, ulimi mwepesi, na akili ya kuwavuta watu. Waliomfuata kwanza walikuwa watumwa watoro, waliowakimbia mabwana wao. Watu hao hawakuwa na ukoo wa kuwalinda wala shamba la kulima, nao walimchagua awe mkubwa wao. Sultani wa Unguja alipotaka kumtia mkononi, Kisabengo alikimbilia bara, akaingia nchi ya Wakami. Huko alipigana mpaka Wakami wakamwachia sehemu kubwa ya ardhi yenye rutuba. Akachagua mahali palipo pazuri kuliko pote, mto ukipita chini ya ukuta, akajenga mji wake.

Richard Burton, Mwingereza aliyepita katika nchi hizi mwaka 1857, alizisikia habari za Kisabengo na jinsi watu walivyomwogopa. Katika uzee wake Kisabengo aliliacha jina lake la kwanza, lililokuwa limejaa sifa mbaya, akajiita Simbamwene kama mji wake. Alipokuwa karibu kufa aliagiza kwamba binti yake mkubwa atawale baada yake, akampa na jina hilo hilo. Hivyo mji, baba na binti waliitwa jina moja. Maana ya jina si ngumu kwa msomaji wetu: simba aliye mwenye nchi.

Jinsi mji ulivyokuwa

Mwezi wa Aprili 1871 alifika hapo Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti, akiwa safarini kumtafuta Daktari Livingstone. Alishangaa kuona mji wa namna ile bara. Mji ulikuwa na pembe nne, na katika kila pembe ulisimama mnara wa mawe uliojengwa vema. Malango yalikuwa manne, moja kila upande wa dunia, kati ya mnara na mnara. Milango yake ilikuwa ya mbao ngumu, imechongwa nakshi nyembamba kama milango ya Waarabu wa pwani. Kuta zilikuwa na matundu ya kupigia bunduki, safu mbili, moja juu ya nyingine. Stanley alikadiria nyumba kuwa kama 1,000, na watu kati ya 3,000 na 5,000.

Wala Simbamwene haukuwa peke yake. Msafara uliotoka hapo ulivuka mbuga ya Mkata, yenye matope wakati wa masika, ukaingia Usagara, yaani upande wetu huu wa Kilosa. Huko Stanley alikuta kijiji cha Rehenneko kilichozungushiwa ukuta mnene wa udongo, chenye watu wapatao 1,000. Basi kijana wetu asidhani kwamba wazee wetu hawakujua kujenga. Walijua, tena walijua ni kwa nini walijenga.

Kwa nini kuta?

Tukijibu swali hili kwa haraka tutasema: kwa ajili ya vita. Lakini yafaa tuulize, vita vya nini?

Njia iliyopita Simbamwene ilikuwa njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda bara. Kwa njia hiyo nguo, shanga, bunduki na baruti vilikwenda juu. Pembe za ndovu na watu vilishuka chini. Mtawala aliyekaa penye maji, chakula na kituo cha misafara aliweza kuwadai wapitao hongo. Ndiyo faida ya kwanza ya mji. Faida ya pili ni ile tunayoona uchungu kuitaja: Kisabengo alikuwa mtekaji wa watu. Vijiji vya jirani vilivamiwa, vijana na wanawake wakachukuliwa, na soko la Unguja likawapokea. Bunduki zilileta watumwa, na watumwa walileta bunduki nyingine.

Hapa ndipo penye fundisho zito. Watu wa kwanza wa Kisabengo walikuwa watumwa watoro. Walijua uzito wa mnyororo kwa sababu waliuvaa wenyewe. Hata hivyo, walipopata ukuta nyuma yao na bunduki mikononi mwao, waliwavika wengine mnyororo ule ule. Kuteswa peke yake hakumfanyi mtu kuwa mwema. Aliyeonewa asipojihadhari, siku atakayopata nguvu atafanya kama alivyofanyiwa.

Mfano wa Italia

Kijana wetu alitaja Italia. Basi tumpe mfano wa huko. Katika nchi tambarare ya mto Po, karibu na Mantova, uko mji mdogo uitwao Sabbioneta. Uliujenga mkono wa mtu mmoja, Vespasiano Gonzaga, aliyezaliwa mwaka 1531 na kufa 1591. Ukoo wa Gonzaga ulitawala Mantova kwa muda mrefu, naye alikuwa wa tawi dogo la ukoo huo. Alikuwa askari hodari, akataka mji uwe na kila kitu: kuta zenye ncha kama nyota za kuzuia mizinga, barabara zilizonyoka, makanisa, hata jumba la michezo. Lakini mwanawe wa kiume alikufa kijana, na Vespasiano alipofariki mrithi wake alikuwa binti, Isabella. Mji haukuipata tena fahari ile ya mwenye kuujenga.

Kuta za Sabbioneta zingali zimesimama, na tangu mwaka 2008 mji huo pamoja na Mantova umo katika orodha ya urithi wa dunia. Kwa Simbamwene haikuwa hivyo. Lakini mwanzo wa miji hiyo miwili wafanana: mtu mmoja mwenye nguvu, mahali pazuri, kuta, na binti aliyeachiwa kazi ambayo baba aliifanya kwa nguvu za mwili na za jina lake. Sasa na tuangalie jinsi binti wa Kisabengo alivyoifanya.

Shahidi na ugomvi wake

Stanley alimsema vibaya Simbamwene binti. Yatupasa tujue sababu. Watu wa mtawala huyu walikuja kambini kudai hongo, naye akakataa, akisema kwamba msafara wake uliotangulia ulikuwa umekwisha kulipa. Baadaye mpishi wake alipotea, na askari watatu waliorudi kumtafuta walishikwa wakafungwa minyororo. Walifunguliwa baada ya mfanyabiashara wa Kiarabu aliyekuwa safarini kuwaombea.

Mtu aliyekosana na mwenye nyumba hawezi kuwa shahidi bora wa tabia yake. Tunapomsoma Stanley, tutenge mambo mawili. Aliyoyahesabu kwa macho, yaani minara, malango na matundu ya bunduki, twaweza kuyapokea. Aliyoyatoa katika moyo wenye hasira, tuyapime. Huko Ulaya pia wenye madaraja na malango waliwatoza wapitaji ushuru, wala hawakuitwa wanyang'anyi kwa sababu hiyo. Hongo ilikuwa sheria ya njia. Wizi wa watu ni jambo jingine, na hilo hatulisamehi kwa kuwa lilitendwa na mtu wa kwetu.

Ukuta na mto

Mwezi wa Aprili 1872 dhoruba kubwa iliipiga Unguja, ikaing'oa mikarafuu mingi, na mvua nzito zikanyesha bara. Mwishoni mwa mwezi huo Stanley alipita tena Simbamwene, akirudi pwani. Mto uliokuwa ukipita chini ya ukuta, ule ule uliomvutia Kisabengo kuchagua mahali pale, ulikuwa umeuchukua ukuta wote wa mbele pamoja na nyumba kama 50. Vijiji vya Waluguru vilivyokuwa milimani navyo viliharibiwa, na habari zilisema watu wengi walikufa. Mtawala alikuwa amekimbia.

Kuta zilizojengwa kuzuia risasi hazikuzuia maji. Mwaka uliofuata, 1873, mambo mawili yalitokea. Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kulifunga soko la watumwa la Unguja. Na Mwingereza Cameron, aliyepita Simbamwene mwaka huo, aliandika kwamba binti huyu hakuwa na nguvu kama za baba yake. Mto ulikuwa umebomoa ukuta, na sasa biashara iliyoulipia ukuta ilianza kukauka.

Yaliyofuata twaweza kuyataja kwa ufupi. Mwaka 1882 mapadre wa Roho Mtakatifu, waliokuwa Bagamoyo tangu 1868, walifungua misioni ya Morogoro. Nao pia walikusanya watu waliotoka utumwani, wakawapa mashamba. Tusiseme kwamba vijiji vyao havikuwa na kasoro. Amri za padre zilikuwa kali, na wako waliozichoka. Lakini hawakuwapa watu wao bunduki ili wawateke wengine. Mwishoni mwa 1884 Karl Peters alipita Usagara, Ukami, Nguru na Uzigua na karatasi ambazo watawala waliziwekea alama pasipo kuweza kuzisoma, na Februari 1885 Mfalme wa Ujerumani akazifanya kuwa msingi wa madai yake. Mwaka 1907 reli ilifika Morogoro, na tangu hapo mji ulikua kwa kufuata reli. Jina la Kingo, la ukoo ule ule, limebaki katika kata ya mji wa Morogoro, kuta hazikubaki.

Fundisho kwetu

Wasomaji wa Chanzuru na Kilosa hawana haja ya kufafanuliwa sana habari za mto. Mwishoni mwa Desemba 2009 na mapema 2010 mto Mkondoa ulifurika, tuta lililojengwa zamani kuulinda mji wa Kilosa likabomoka, na watu zaidi ya 20,000 wakapoteza makazi yao. Reli nayo ilikatika. Wako wasomaji wetu waliolala chini ya turubai miezi mingi. Tuta, kama ukuta, huwafanya watu walale usingizi na kusahau yaliyo nyuma yake: miti iliyokatwa huko juu, mchanga unaojaza mto, mashamba yaliyolimwa mpaka ukingoni. Kisabengo aliwatazama adui waliokuja kwa miguu, asiutazame mto. Nasi tusifanye kosa hilo mara ya pili.

Fundisho la pili lahusu kumbukumbu. Kijana wetu alitaka mji wa kujivunia. Tumempa mji, lakini tumempa na aibu yake pia, maana habari nusu ni mbaya kuliko kutojua. Akisimulia minara minne, asiache kuwasimulia waliopitishwa katika malango manne wakiwa wamefungwa shingo. Majina yao hayakuandikwa na Stanley wala Burton. Yawezekana baadhi yao walitoka katika vilima hivi hivi tunavyovitazama kutoka Chanzuru, na wajukuu wa ndugu zao wangali wakilima hapa.

Kwa hiyo twawaomba walimu na wazazi jambo moja. Wazee waliosikia habari hizi kwa bibi na babu zao wanapungua kila mwaka. Kijana na achukue daftari, akamketie mzee wake, aandike: ukoo wetu ulitoka wapi, ni nani alichukuliwa, ni nani alirudi, mto ulipita wapi zamani. Wazee wa Chanzuru walicheka siku ile pasipo kujibu. Twaamini kwamba jibu walikuwa nalo, na kwamba wangetoa mengi kama mtu angewaendea kwa adabu na kuwa na subira ya kusikiliza.