Kufundisha Ujenzi wa Jadi kwa Ziara: Nyumba ya Tembe

Tukitaka watoto wa Kilolo waelewe majumba ya kale ya mbali, kama nyumba ya Borujerdi ya karne ya 19 mjini Kashan, Uajemi, tuanze na tembe la Wahehe. Katika zote mbili vyumba huelekea ua wa ndani.

Matayarisho. Mwalimu atangulie kumwona mzee mwenye nyumba, aombe ruhusa, na ajue mahali ambapo watoto hawataingia. Kisha agawe vikundi vitatu: kuta, paa na ua.

Ziara. Watoto wapime kwa hatua, wachore, na wamwulize mzee kwa adabu. Wataona nguzo zinazobeba boriti, juu yake fito, na juu ya fito udongo ulioshindiliwa. Swali kuu ni hili: kwa nini paa ni bapa? Tusiwajibu upesi. Walinganishe bonde kavu la Mto Ruaha na milima ya Kilolo yenye mvua nyingi, ambako paa la udongo huvuja. Hapo watagundua kwamba mjenzi hufuata hali ya nchi. Wajenzi wa Kashan, penye joto na ukame, walisimamisha minara ya kunasa upepo.

Tahadhari. Mwalimu asiliite tembe nyumba duni. Mtoto alalaye humo ataona haya, na mzee atanyamaza na ujuzi wake.

Kazi ya darasani. Kila kikundi kifinyange mfano wa sehemu yake. Mifano ikiunganishwa, tumwalike mzee shuleni aisahihishe.